Degedege, nyuni na hofu ya sindano: maswali mnayoniuliza

Swali: Mtoto akishikwa na degedege nyanya yake asema ni nyuni, asidungwe sindano atakufa. Kweli?

La, sindano haimuui. Lakini msiwacheke wazee, hii imani haikutoka hewani. Mtoto anaanza homa Jumatatu, Jumanne usiku anakakamaa macho yamegeuka, anapelekwa kwa mganga, afukizwa, afungwa hirizi, hadi Alhamisi hajitambui ndo tuktuk yatafutwa, wangoje feri Likoni, wafike, adungwe, afariki. Mtaa mzima umeona sindano na kifo vimefuatana, malaria iliyopanda kichwani tangu Jumanne hakuna aliyeiona. Nyanya hakusema uongo, aliona mwisho wa mambo tu.

Swali: Na huyo nyuni ni nani?

Ni ndege. Wazee wa pwani wanasema ndege ndiye huwaletea watoto maradhi haya, na ukimwona mtoto anavyopapatika kweli utaelewa walitoa wapi. Kitaalamu, kati ya miezi 6 na miaka 5 ubongo bado mchanga, homa inaweza kuutikisa mwili mzima. Mara nyingi degedege hukoma yenyewe kabla ya dakika 5, na hapo ndo mganga apata sifa, manake akifukiza kidogo tu mtoto ametulia. Angetulia hata angeimbiwa taarabu! Shida ni kilicholeta homa: yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hivyo havingoji mtu.

Swali: Sasa nifanyeje?

Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, angalia saa. Usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si kitunguu, si dawa, atapaliwa. Ikipita dakika 5, ikirudi, ama asizinduke, hospitali mbio. Hata ikikoma, apelekwe siku hiyo hiyo apimwe damu.

Swali: Kombe je, yale maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji mgonjwa akanyweshwa?

Mimi sina ugomvi na kombe, nimenyweshwa sana utotoni. Ila asiyejitambua hanyweshwi kitu. Kisomo msomee hata ndani ya tuktuk mkiwa njiani.

Swali: Madaktari wenyewe hawana ushirikina?

Wanao bwana! Jaribu kumwambia muuguzi wa zamu ya usiku "leo kumetulia", wanaamini wagonjwa watamiminika saa hiyo hiyo. Mimi nilitamka siku moja nikiwa nimelaziwa mtoto, nikatolewa macho mpaka nikaomba radhi.