Deni haifungi muntu: tofauti ya mambo ya sivili na ya penali

Tuseme mama moya wa soko ya Mzee hapa Lubumbashi alikamata mifuko kumi ya bunga kwa deni, akaahidi atalipa mwisho wa mwezi, mwezi inaisha, biashara haikutembea, makuta haiko. Mwenye bunga anakasirika, na iko na haki ya kukasirika, ile ni jasho yake. Anaenda ku polisi, OPJ (polisi mwenye kuchunguza makosa) anatuma konvokasyo (barua ya kumuita), mama anafika na banamuingiza mu buloko, familia banaambiwa walete feza njo atatoka. Bantu mingi banaona ile njo sheria, na hapana, sheria haisemi vile hata kidogo.

Mambo inaingiaka ku tribinali kwa njia mbili. Sivili ni ugomvi kati ya muntu na muntu: deni, lupango, kodi ya nyumba, mali ya marehemu, kuachana. Pale juji anatafuta paka nani iko na haki na mwenzake amurudishie nini, basi, hakuna mwenye kutoka pale anaenda ku gereza ya Kasapa. Penali ni wakati muntu alifanya jambo yenye kodi penali (kitabu ya sheria ya makosa na malipizi) inaita kosa, sawa kuiba, kupiga, kuua. Hapo Serikali yenyewe njo inashitaki, kupitia parke (ofisi ya wenye kushitaki kwa jina ya Serikali), na mara mingi hata mwenye kukosewa akisamehe, parke inaweza kuendelea. Hizi sheria mbili ni za zamani: ile ya mikataba na madeni ni ya tarehe 30 julai 1888, wakati wa Leopold II, na kodi penali ni ya tarehe 30 januari 1940. Ya pili walibadilisha mara mingi lakini bado njo tunatumikisha.

Deni iko upande wa sivili. Tena inchi yetu iliingia tangu 1976 mu Pacte ya kimataifa ya haki za raia, na artikle 11 ya ile Pacte inasema hakuna muntu wa kufungwa juu tu alishindwa kutimiza mukataba.

Sasa wenye kudai habakosake kusema "huyu ni mwizi, ni abi de konfianse". Hapa tuangalie muzuri, juu ni hapa njo bantu banaumizwa. Abi de konfianse iko mu artikle 95 ya kodi penali, inaenda miezi 3 mpaka miaka 5 ya kifungo, lakini inaomba kitu uliyopewa ikuwe ya kurudisha au ya kufanyia kazi fulani, kisha weye ukaila kwa udanganyifu. Mushika feza wa likelemba (kikundi ya kuchangia feza kwa zamu) akikula makuta ya bamama, ile ni penali, ile feza haikuwa yake hata siku moya, alipewa paka kuichunga. Lakini mama wa bunga, ile bunga ilikuwa yake kuanzia siku aliikamata, aliiuzisha sawa vile mwenye kumukopesha alijua ataiuzisha, hakudanganya muntu, alishindwa tu kulipa. Ingekuwa tofauti kama alitumia jina ya uongo, ao kama ni ule muntu mwenye kujitia agent wa kampuni ya mine na kukula feza ya bijana juu ya kuwapatia kazi. Huyu artikle 98 inamungojea, eskrokeri, ni kusema kukula mali ya muntu kwa kumudanganya. Kwa hiyo swali haiko "analipa ao halipi?", swali ni kama kulikuwa udanganyifu.

Na hata kama mambo ni ya penali kweli, konstitisyo ya 2006, artikle 18, inasema OPJ hawezi kukushika kupita masaa 48, akimaliza ile masaa akuachilie ao akupeleke mbele ya wakubwa wa justice, na palepale wakati banakukamata bakuambie sababu mu luga unasikia, na uko na haki ya kuongea na familia ao avoka wako. Artikle 17 nayo inasema kosa ni ya mwenye kuifanya. Kukamata bibi juu bwana alikimbia, ao mama juu ya mutoto wake, ile ni kuvunja konstitisyo, na inaniuma juu tunaiona kila mara na familia banalipa kimya.

Mwenye kudai naye habaki mikono mitupu. Anaenda ku tribinali de pe, ile banaiitaka Tripaix, na kama deni ni kubwa kuna tribinali de grande instance, na kati ya bafanya biashara kuna tribinali de komerse. Tangu 2012 tuko mu OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moya ya biashara, kwa hiyo mwenye mukanda wa kuonyesha deni anaweza kuomba injonction de payer, juji anatoa amri ya kulipa bila mashauri marefu, mwenye deni akipinga njo banasikilizwa wote wawili, na akishindwa bado kulipa huissier (mutumishi mwenye kutimiza amri ya tribinali) anaweza kukamata bintu yake. Inachukua wakati na inaomba feza, najua, njo maana bantu banakimbilia polisi. Lakini feza familia banatoa pale ku buloko mara mingi haipunguze deni hata franga moya.

Bila mukanda hii yote inakuwa nguvu. Kwa hiyo ukikopesha, hata karatasi ya kayé ya mutoto inatosha: majina mazima, hesabu ya makuta kwa namba na kwa maneno, tarehe ya kukopa na tarehe ya kulipa, sinyatire ya wote wawili, shahidi moya ao wawili, na muandike mara mbili ili kila muntu abakie na yake.