Sabuni ya dawa: dawa ya nini?

Sabuni ya chunusi ni sabuni ya kunawia uso yenye kiambato kinachotibu chunusi, kipimo chake kimeandikwa kwenye chupa, na duka la dawa huiuza bila cheti cha daktari. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachopoteza watu ni jina "sabuni ya dawa". Kijana mwenye chunusi anaambiwa atumie sabuni ya dawa, ananunua kipande cha kuogea cha kuua vijidudu, anasugua uso mara tatu kwa siku. Baada ya wiki mbili ngozi inababuka na chunusi ziko palepale. Kosa si lake. Neno dawa tulilichukua kwa Waarabu likiwa na maana ya tiba, nasi tukalitanua: dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya nywele, dawa ya mbu, dawa ya panya. Kiswahili kikisema dawa, lazima kiseme pia ya nini, na "sabuni ya dawa" haisemi. Hata sabuni za zebaki za kujichubua zimewahi kuuzwa kama sabuni za kuua vijidudu!

Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha kinyweleo: mafuta na seli zilizokufa huziba, kisha bakteria wasiopenda hewa huzaliana humo. Sabuni ya kipande, yenye pH (kipimo cha uasidi, ambapo 7 ni katikati na chini yake ni asidi) ya 9 hadi 10 ilhali ngozi iko karibu na 5, hukausha juu tu.

Viambato vya kutafuta kwenye chupa ni viwili. Benzoili peroksaidi huingiza oksijeni ndani ya vitundu hivyo, na bakteria hao hawaijengei usugu kama wanavyofanya kwa antibayotiki. Ya asilimia 2.5 hukaribia nguvu ya asilimia 10 na huwasha kidogo zaidi, jambo kubwa kwa ngozi nyeusi, maana muwasho huweza kuacha doa. Asidi ya salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2, huyeyuka kwenye mafuta, hivyo huzibua vitundu.

Lowesha uso, paka kiasi cha punje ya njegere, acha dakika moja au mbili, kisha suuza hadi chini ya kidevu na kwenye ukingo wa nywele. Benzoili peroksaidi iliyobaki huchujua taulo, foronya na kola ya shati. Anza mara moja kwa siku, usiku, na uipe wiki 6 hadi 8.

Ukifika dukani, taja kiambato na asilimia yake. Muuzaji akikupa kipande cha kuua vijidudu, mrudishie kwa upole: hicho ni cha kuogea, si cha chunusi.