Umefuta faili la mfumo? Usikimbilie kupiga Windows upya

Mteja akinipigia kusema laptopu yake "haiwaki", kwanza namuuliza kama taa zinawaka na feni inazunguka. Mara nyingi jibu ni ndiyo: inawaka vizuri, inaonyesha nembo ya kampuni, kisha inaleta skrini ya bluu yenye maandishi meupe na kukwama hapo. Basi hiyo inawaka, ila haiingii Windows. Nikimbana kidogo anasema diski ilikuwa imejaa, akaingia kwenye folda ya Windows kupunguza mizigo.

Kufuta faili la mfumo, yaani lile ambalo Windows inalihitaji ili ifanye kazi, si rahisi hivyo. Tangu enzi za Windows Vista mafaili hayo yanamilikiwa na TrustedInstaller, huduma ya ndani ya Windows yenyewe, na hata ukiwa msimamizi wa kompyuta Windows inakugomea. Kinachotokea ni kwamba mtu anakuta video mtandaoni ya kujitwalia umiliki wa folda, anabandika amri ya `takeown`, na kuanzia hapo hakuna wa kumzuia. Wengine wanapitia programu za kugawa diski. Wanaona kipande cha MB 100 kisicho na jina, wanadhani ni nafasi isiyo na kazi, wanakifuta. Kumbe humo ndimo mlimokuwa na mafaili ya kuwashia Windows.

Hapo fundi wa jirani atasema "tupige Windows upya". Sina ugomvi na kupiga Windows, ndiko kunakolipa kodi ya fremu za wengi wetu. Lakini kwa tatizo hili ni papara, na ikifanywa ovyo, picha, tasnifu na hesabu za duka vinaondoka moja kwa moja. Katika vyote vilivyomo kwenye laptopu, faili la mfumo ndilo rahisi zaidi kulirudisha. Nakala yake iko kwenye mashine nyingine chungu nzima, na mara nyingi iko humohumo kwenye diski yako. Data yako ndiyo haina nakala.

Hilo la "humohumo" watu hawaliamini. Ndani ya C:\Windows kuna folda ya WinSxS, ile ambayo kila mtu anailalamikia kwa kula nafasi. Mafaili mengi unayoyaona System32, folda kuu ya mafaili ya mfumo, ni jina la pili la faili ambalo tayari liko WinSxS. Ni kama mtoto mwenye jina la nyumbani na jina la shule: ukilikata la shule kwenye daftari la mahudhurio, mtoto bado yuko kwao. Kwa hiyo ukifuta lile la System32, data yenyewe haijaguswa. Na ndiyo maana pia, baada ya hekaheka zote hizo, diski haikuongezeka nafasi.

Kurudisha kunaanzia kwenye mazingira ya ukarabati ya Windows. Windows 10 na 11 zikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, safari ya tatu huyafungua zenyewe. Yasipofunguka, tengeneza flashi ya Windows, ya GB 8 au zaidi, kwenye kompyuta ya mwenzako, uwashie hiyo, kisha uchague kukarabati. Usichague kuinstoli! Ukishaingia, nenda Troubleshoot, Advanced options, halafu Command Prompt, dirisha la kuandikia amri. Startup Repair, ukarabati unaojiendesha wenyewe, iko hapohapo na ijaribu kwanza, haina madhara, ingawa mimi huwa siitegemei sana.

Kabla ya amri yoyote, tafuta Windows iko kwenye herufi gani. Humu ndani C: inaweza kuwa D:, na hili huwapoteza wengi. Andika `dir C:\Windows`, kisha `dir D:\Windows`, uone ipi ina mafaili ya kweli. Tuseme ni D:. Amri ya kukagua na kurudisha mafaili ya mfumo ni hii:

`sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows`

Inachukua muda, iache. Ikikuambia imeshindwa kurekebisha baadhi, maana yake hata WinSxS imeguswa. Hapo unahamia DISM, chombo cha Windows cha kukarabati hiyo WinSxS, ukiielekeza ichukue mafaili kwenye flashi ya Windows ya toleo lilelile.

Ila soma kwanza skrini ya bluu, kwa sababu wakati mwingine inakutajia mkosaji kwa jina. Kuna mwanafunzi aliniletea yake ikiwa imeandika \Windows\System32\winload.efi na namba ya kosa 0xc000000f, yaani faili halipo. Faili hilo lina nakala nyingine kwenye System32\Boot. Nikaandika `copy D:\Windows\System32\Boot\winload.efi D:\Windows\System32\`, nikawasha upya, ikaingia.

Aliyefuta kile kipande cha MB 100 ana kazi kidogo zaidi. Kwa `diskpart`, amri ya kugawa diski, unatengeneza kipande kipya cha EFI, yaani hicho cha kuwashia, palepale palipobaki wazi, unakifomati FAT32, unakipa herufi S, kisha unaandika `bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI`. Mafaili ya kuwashia yanaandikwa upya kutoka Windows yenyewe. Achana na `bootrec /fixboot` ambayo kila mtu anaishauri. Kwenye mashine za siku hizi mara nyingi inajibu "Access is denied" na kukupotezea muda.

Ushauri mwingine wa kuogopa ni ule wa kunakili rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, kutoka folda ya RegBack. Ulifaa zamani. Tangu Windows 10 toleo la 1803, Microsoft waliacha kuweka akiba humo kwa mpangilio wa kawaida, na mafaili utakayoyakuta yana KB 0. Ukiyabandika juu ya rejista yako, tatizo dogo umeligeuza kubwa.

Diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya yote haya. Laptopu nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe bila mwenye mashine kujua. Ufunguo kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili mashine. Ingia kwa simu uuchukue. Bila huo hata mimi siwezi kitu.

Yote yakigoma, toa data kwanza. Palepale Command Prompt andika `notepad`, bonyeza File, Open, chagua kuonyesha mafaili yote, na umepata dirisha la kunakili folda zako kwenda flashi au diski ya nje. Ukimaliza ndipo utumie Reset this PC kwa chaguo la Keep my files. Programu ulizoinstoli mwenyewe zitaondoka, lakini Windows itakuachia orodha yake kwenye Desktop.