Aksoloti akibadilika rangi: dhana potofu na ukweli

Kiangazi cha mwaka juzi hapa Marekani, matamvua ya aksoloti wetu, salamanda wa majini tunayemfuga tangini, yalipauka. Hivi ni viungo anavyopumulia, na kwa kawaida vinasimama pande mbili za kichwa kama manyoya mekundu. Siku hiyo yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ncha ya mkia ilikuwa imejikunja. Dukani nilikomnunua nikaambiwa nisihofu, salamanda hubadilika rangi. Nikakubali, na siku mbili zikapotea hivyo.

"Ni mjusi wa majini, anabadilika kama kinyonga"

Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili, ndiyo maana sisi tukimwona tunamwita mjusi. Lakini ni amfibia, ndugu wa chura. Mjusi ana magamba yanayomkinga. Salamanda ana ngozi laini yenye unyevu, inayopitisha maji na hewa, pamoja na vingi vilivyoyeyuka ndani ya maji. Ni kweli anaweza kukolea kidogo akiwekwa penye sakafu nyeusi, au kufifia penye mchanga mweupe, ila taratibu na kwa kiasi. Akipauka ghafla, kinyonga asitajwe, pima maji.

"Mweupe ni albino, na akitoka madoa anaumwa"

Aksoloti wa porini, kule Xochimilco nchini Meksiko, ni wa kahawia iliyokolea. Weupe wameenea kwa wafugaji tangu 1864, kundi la aksoloti lilipofikishwa Paris, mweupe akiwamo. Mtazame macho: yakiwa meusi, si albino. Chembe za rangi anazo, ila hazikusambaa ipasavyo kwenye ngozi. Wengine wa aina hii hutokwa na vidoa vyeusi kichwani na mgongoni wanapokua, na hilo si ugonjwa.

"Matamvua yamepauka kwa sababu amelala"

Hii ndiyo iliyotuponza. Akitulia sana matamvua hufifia kidogo, akichangamka damu inarudi. Yakibaki yamepauka kutwa nzima, huku amegoma kula, kuna jambo. Nilipotumbukiza kipimajoto kilisoma nyuzi 26 za Selsiasi. Huyu ni mnyama wa maji baridi: nyuzi 16 hadi 18 zinamfaa, na ikizidi 24 anateseka. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, wakati mwili wake unahitaji zaidi.

Halafu kuna amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula. Watu hutazama tangi, wakaona maji yanang'aa, wakaridhika. Amonia haionekani kwa macho. Kipimo chake kinatakiwa kisome 0, na cha nitriti, sumu nyingine ambayo bakteria huitoa wakiila amonia, vilevile 0. Tangi jipya linahitaji wiki kadhaa kabla bakteria wanaoila amonia hawajazaliana vya kutosha, kwa hiyo ni kosa kununua tangi na mnyama siku moja.

Sisi tuliweka feni ipulize juu ya maji, tukabadilisha sehemu ya maji kwa mengine yaliyoondolewa klorini. Siku ya tatu wekundu ulianza kurudi, kwanza kwenye mashina ya matamvua, kisha kwenye nyuzinyuzi zake.

"Utando mweupe ni ngozi inayobanduka"

Ngozi hubanduka kweli, lakini huwa utando mwembamba unaoelea, na mara nyingi mwenyewe huula. Kinachofanana na pamba, kilichoshika kwenye tamvua au kidonda na hakitoki, ni fangasi. Mtenge kwenye maji safi ya baridi, uyabadilishe kila siku, na mtafute daktari wa mifugo anayejua amfibia. Dawa za samaki usimmwagie kwa kubahatisha, hasa zenye shaba, kwani ngozi yake huzinywa.

"Amekuwa mwekundu, ana afya"

Matamvua mekundu, sawa. Mabaka mekundu tumboni au miguuni ni jambo jingine: huenda amonia imemuunguza, au bakteria wameingia kwenye damu. Hapo hakuna kusubiri hadi kesho.

Tangu siku ile humpiga picha kila Jumapili asubuhi, taa ileile, pembe ileile, na chini yake naandika joto na kipimo cha amonia. Nikiwa na shaka juu ya rangi yake, naweka picha ya leo kando ya ile ya wiki iliyopita.