Mvinyo "mzito" si mvinyo mkali

Uzito wa mvinyo ni jinsi unavyojaza kinywa. Uji mzito na uji mwepesi vinaweza kutiwa sukari sawasawa, na bado ulimi ukavitofautisha mara moja. Maana ni hiyo tu. Kwa hiyo inasikitisha kusikia mvinyo mwekundu wa Hispania, kama Monastrell ya bei nafuu kutoka Jumilla, au Garnacha ya Campo de Borja (Monastrell na Garnacha ni aina za zabibu), ikiitwa "nzito" na mtu anayetaka kusema kali, chungu, tamu, au nyeusi.

Wahispania husema vino con cuerpo, mvinyo wenye mwili, na cuerpo yao imetoka katika Kilatini corpus. Sisi kusema uzito si kosa, maana uji umetufundisha tangu utotoni. Kinachotuponza ni neno mvinyo lenyewe. Tumelipata kwa Wareno, ambao kwao vinho ni divai tu, lakini lilipoingia Kiswahilini lilibeba pia maana ya kileo kikali, na kamusi zimewahi kulieleza hivyo. Aliyelizoea kwa maana hiyo, akiambiwa "mvinyo mzito", huelewa ukali juu ya ukali. Halafu kuna tinto. Tunachokiita mvinyo mwekundu, Wahispania hukiita vino tinto, kutoka Kilatini tinctus, yaani uliotiwa rangi. Rangi imo ndani ya jina, na wengi huishia kupima uzito kwa macho.

Macho hayapimi uzito. Garnacha ina ganda jembamba na rangi yake mara nyingi ni hafifu, kiasi cha kuona kidole upande wa pili wa glasi, ilhali kilevi chake hufika asilimia 14.5 au 15 na kinywa kinajaa. Garnacha Tintorera, inayolimwa sana Almansa, Hispania, ni zabibu nyingine ambayo hata nyama yake ya ndani ni nyekundu. Mvinyo wake huonekana kama wino hata pale usipokuwa mzito. Michirizi inayoteremka ndani ya glasi nayo huonyesha kilevi tu. Haithibitishi ubora.

Uzito huletwa kwanza na kilevi, kisha na vitu vilivyoyeyuka kutoka kwenye maganda, kisha na sukari ikibaki. Jumilla hupata mvua ya takriban milimita 300 kwa mwaka, jua ni kali, na mizabibu mingi ya zamani hukatwa ikawa vichaka vifupi visivyo na waya. Zabibu chache zinazotoka hujaa sukari, na sukari hiyo ikichachuka hutoa kilevi cha asilimia 14 na zaidi.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya uzito na ukakasi. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi au bibo: ufizi unakaza, mashavu yanakauka. Unatokana na tanini, vitu vya kukausha kinywa vilivyomo kwenye maganda, na Monastrell ina ganda nene, hivyo mara nyingi huleta vyote viwili kwa pamoja. Kuvitenganisha si kazi kubwa. Mimina mililita 50, piga funda dogo, ulishike kinywani sekunde 5 hadi 10. Kinacholemea katikati ya ulimi kabla hujameza ndicho uzito. Kinachobaki kwenye ufizi baada ya kumeza ni ukakasi. Mate yakichuruzika pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu, na mvinyo wa bei nafuu wenye uzito huokolewa nao. Ukikosekana, unabaki na kitu kinachofanana na jemu iliyopikwa kupita kiasi. Sukari kidogo ikiachwa ndani hujaza kinywa pia, na hapo ladha hukatika mara tu utamu unapokwisha.

Joto nalo hupotosha hukumu. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba" ulizaliwa kwenye nyumba za baridi za Ulaya. Dar es Salaam, chumba kikiwa na nyuzi 30, kilevi hupanda puani na koo huungua, kisha mvinyo unalaumiwa kwa uzito. Uweke kwenye friji hadi ushuke kufikia nyuzi 16 au 18, ndipo uuhukumu. Ukitoa harufu ya yai lililooza, uache wazi nusu saa, mara nyingi huondoka. Harufu ya siki au ya dawa ya kufutia rangi ya kucha haitaondoka kwa kusubiri.

Dukani, basi, anayetaka mvinyo usio na sukari aombe mkavu, na uzito auulize peke yake, akitazama pia asilimia ya kilevi kwenye lebo. Neno Crianza kwenye lebo za Kihispania lisisomwe kama daraja la uzito. Kwa mvinyo mwekundu, neno hilo linaeleza kwamba umehifadhiwa angalau miaka 2, na sehemu ya muda huo, isiyopungua miezi 6, ndani ya pipa la mwaloni.