Je, wajua kwa nini tini na maziwa havipikwi sufuria moja?

Kila Desemba, katika nyumba nyingi za Bogotá na za milima ya Boyacá, huandaliwa kitindamlo cha Kolombia kiitwacho brevas con arequipe: tini zilizoivishwa kwenye shira, kisha zikajazwa karameli nzito ya maziwa. Sahanini vitu hivyo viwili vimeshikana kabisa. Jikoni, hata hivyo, kila kimoja kina sufuria yake, na havikutanishwi mpaka vyote viive na kupoa. Kwa nini kujitwisha kazi mara mbili?

Sababu ni utomvu. Tini za kitindamlo hiki huchumwa zikiwa bado za kijani na ngumu, maana iliyoiva ingevurugika kwenye shira. Ukikata kikonyo cha tini mbichi, hutiririka utomvu mweupe wenye kimeng'enya kinachoitwa fisini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Ni jamaa ya kile kilichomo kwenye papai bichi, ambacho wachoma mishkaki hukitegemea kulainisha nyama. Kikiingia kwenye maziwa ya uvuguvugu huishambulia protini inayoyafanya yatulie bila kutengana, na maziwa hukatika: mabonge huku, maji kule. Wafugaji wa kale wa pwani za Mediterania waliujua ujanja huo, wakatumia utomvu wa mtini kugandisha maziwa ya jibini. Utomvu huohuo huwasha ngozi na midomo, kwa hiyo mwenye ngozi laini na avae glavu.

Dawa yake ni moto. Sugua tini 12 kwa kitambaa kuondoa vinyweleo, kata ncha ya kikonyo, kisha zichanje msalaba upande wa juu bila kufikisha kisu chini. Zichemshe kwenye maji matupu dakika 20 hivi, umwage maji hayo yote pamoja na uchungu wake. Sasa weka lita moja ya maji safi, gramu 500 za sukari guru (Wakolombia huiita panela, na huitumia karibu kila siku), kijiti cha mdalasini na karafuu nne. Rudisha tini, punguza moto, ziache zitokote polepole kwa muda wa saa nzima au zaidi, mpaka zilainike na shira ianze kunata.

Usiwe na haraka ya kuanza na shira nzito. Shira nzito hunyonya maji kutoka ndani ya tunda kabla sukari haijapata nafasi ya kuingia, na tini hunywea na kuwa ngumu kama ngozi ya kiatu. Ikianza nyepesi na kuwa nzito kidogo kidogo, tunda hubaki limejaa. Ukiweza, zilaze tini ndani ya shira usiku kucha.

Tuje kwenye sufuria ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye mambo. Arequipe ni maziwa, sukari na soda kidogo ya kuokea, basi. Vyote vyeupe, lakini mwisho wake ni rangi ya kahawia inayong'aa. Wengi hudhani sukari imeungua. Haijaungua. Sukari ya kawaida huhitaji nyuzijoto zipatazo 160 za Selsiasi ndipo igeuke karameli, na sufuria ya maziwa, maadamu ina maji, haiendi mbali na 100. Ushahidi ni kopo la maziwa mazito yenye sukari: likichemshwa saa kadhaa ndani ya maji, likifunguliwa baada ya kupoa, ndani mna kahawia tupu. (Wapo wanaopika arequipe kwa njia hiyo. Kopo lazima lifunikwe na maji muda wote, la sivyo linaweza kupasuka. Mimi napendelea sufuria wazi.)

Rangi hiyo hutokana na protini za maziwa kushikana na laktosi, sukari ya asili ya maziwa, katika mmenyuko ulioelezwa na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Ndio huohuo unaoupa mkate ukoko wake na buni rangi yake ikikaangwa. Sukari uliyoongeza kwa mkono hasa ni ya utamu na uzito.

Na soda? Maziwa yakipungua maji, asidi yake huzidi kukolea, na yanaweza kukatika hata bila tini. Soda huituliza asidi hiyo. Pia mmenyuko wa Maillard huenda kasi zaidi pasipo na uchachu, kwa hiyo rangi hukolea upesi. Lakini ukizidisha, utaonja sabuni.

Kwa lita mbili za maziwa halisi weka gramu 500 za sukari na nusu kijiko cha chai cha soda. Tumia sufuria kubwa, kwa kuwa povu litapanda ghafla. Karibu asilimia 87 ya maziwa ya ng'ombe ni maji, na mengi lazima yatoke, hivyo jiandae kusimama saa moja na nusu hadi mbili. Mwanzoni koroga mara mojamoja. Mwishoni usiuachie mwiko, maana chini hushika upesi. Ukipitisha mwiko na kitako cha sufuria kikaonekana kwa kitambo kabla ya kufunikwa tena, epua. Itazidi kuwa nzito ikipoa.

Chuja tini, fungua ule msalaba, jaza kijiko cha arequipe, mwagia shira kidogo. Wengi huongeza kipande cha jibini laini pembeni, na chumvi yake hupunguza makali ya sukari.

Tini mbichi ni adimu katika masoko mengi ya Afrika Mashariki. Usihangaike: Wakolombia wenyewe hula arequipe na mapera pia, yaliyokatwa nusu, yakatolewa mbegu na kupikwa kwenye shira. Chagua yaliyokomaa lakini bado magumu. Hapo hatua ya kuchemsha na kumwaga maji unairuka, ila sufuria mbili zinabaki, kwa sababu uchachu wa pera nao hukata maziwa.