Kombe la bega halijachomoka, acheni kulivuta

Msimu wa kupulizia mikorosho salfa ukianza huku Mtwara, najua nitakachoambiwa kabla mgonjwa hajaketi: "Daktari, kombe limechomoka." Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari, ila hilo nimeshaacha kulibishia. La kuchomoka ndilo siliwezi.

Lichomoke kutoka wapi? Mgongoni kombe halina tundu. Ni mfupa bapa wa pembetatu uliolalia mbavu, kuanzia wa 2 hadi wa 7, na kati yake na mbavu ni misuli mitupu. Mfupa pekee unaoliunga na kiwiliwili ni mtulinga. Kinachoteguka ni kichwa cha mfupa wa mkono, pale begani, na aliyeteguka humwoni akitembea anapunga mkono.

Huyu wangu kombe limembenuka nyuma kama bawa la kuku. Namsimamisha mbele ya ukuta, viganja usawa wa kifua, namwambia asukume. Likizidi kubenuka, kwa kawaida aliyelala ni msuli wa serato, unaotoka kwenye mbavu za juu 8 au 9 na kushika ukingo wa ndani wa kombe. Msuli huo unaendeshwa na neva moja ndefu, inayotoka shingoni na kushuka ubavuni. Mzigo wa mikanda mabegani unaweza kuiumiza, na wapuliziaji wetu wa Tandahimba na Newala wanashinda na mashine mgongoni, mikanda yenyewe myembamba, imekwisha sponji.

Basi nyumbani wanamwita fundi wa viungo. Analazwa kifudifudi, mmoja anamkandamiza mgongo, mwingine anavuta mkono. Jamani, mnavuta neva ileile iliyoumia! Neva ikiota upya hutambaa kama milimita 1 kwa siku. Wengi hupona, lakini kwa miezi, pengine mwaka na zaidi, na mafuta ya nazi hayaiharakishi. Shusha mashine, mpe mwenzako. Nguvu zikianza kurudi, sukuma ukuta: viwiko vimenyooka, sukuma mpaka mgongo wa juu ujae, mara 10 asubuhi na jioni. Zoezi hili nawapa hata waliokuja na goti. Wenzangu wananicheka, na wacheke.

Wengine wamefundishwa kukaza mabega nyuma siku nzima ili wakae wima. Mkono ukipanda juu kabisa, nyuzi kama 180, takriban 60 zinatokana na kombe kuzunguka. Ukilikaza, unalizuia. Na kombe linaloalika bila kuuma halijasagika, liache lialike.

Si kila maumivu ya hapo ni ya hapo, vilevile. Jiwe kwenye kifuko cha nyongo huweza kuuma chini ya kombe la kulia, hasa baada ya chakula cha mafuta, na moyo na mapafu nayo hupeleka maumivu mgongoni. Ukibonyezwa hapaumi, ukisogeza mkono hakibadiliki kitu, usianzie kwangu. Nenda kapimwe. Kama na kifua kinabana au pumzi inakata, nenda sasa hivi.

Aliyeanguka na bodaboda akavunjika kombe, asiambiwe "ni ufa tu". Kweli mengi huunga bila upasuaji, mkono ukining'inizwa kwa kitambaa. Lakini mfupa huo hauvunjiki kirahisi. Kishindo kilichouvunja kinaweza kuwa kimepasua mbavu na kutoboa pafu, kwa hiyo picha ya kifua ipigwe siku hiyohiyo.